Je, wajua kwa nini mtumiaji wa majaribio hujikuta na ruhusa ambazo hukumpa?

Chukua kampuni ya jumla yenye matawi sita inayoendesha mauzo yake kwa Odoo, programu ya kuendeshea biashara. Inajaribu kipengele kipya: punguzo la bei likizidi asilimia 10, oda isipite mpaka meneja wa tawi aidhinishe. Watu wanane wa tawi moja watajaribu kwa wiki nne. Siku ya tatu, muuzaji mmoja anafungua oda za wauzaji wote, na hakuna anayekumbuka kumruhusu.

Jibu liko kwenye hesabu. Katika mifumo mingi ya biashara ruhusa hujumlishwa, hazipunguzwi. Odoo ina kundi la wauzaji wanaoona oda zao tu, na jingine la wanaoona oda zote. Ukiunda kundi la majaribio na kulirithisha kutoka hilo la pili, yaani lichukue ruhusa zake zote, kila unayemwingiza anaona zote, hata kama bado yumo katika lile la kwanza. Kanuni za rekodi, zinazoamua mtumiaji afikie rekodi zipi, zikifungwa kwenye makundi hufanya kazi hivyo: ukitimiza mojawapo, umepita. Kanuni isiyofungwa kwenye kundi lolote ndiyo humbana kila mtumiaji wa kawaida. Salesforce, mfumo mwingine wa mauzo, nayo ni vivyo hivyo: seti ya ruhusa huongeza juu ya wasifu wa mtumiaji, yaani ruhusa zake za msingi, haimpokonyi alichopewa na wasifu huo.

Kwa hiyo usiguse kundi la wauzaji lililopo, wala usilinakili. Nakala itaachana na asili mara tu mojawapo ikibadilishwa. Unda makundi mawili madogo yasiyorithi chochote, moja la wauzaji na moja la mameneja, yenye ruhusa za kipengele hicho peke yake. Odoo hutenganisha kusoma, kuandika, kuunda na kufuta. Muuzaji apewe kuunda na kusoma maombi ya punguzo, meneja kusoma na kuandika. Kufuta asipewe mtu, kwa sababu maombi yaliyokataliwa ndiyo yatakayokuonyesha kama kikomo cha asilimia 10 kinafaa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kujaribu kwa akaunti ya msimamizi wa mfumo. Kwake kila kitu hupita. Kisha muuzaji anabonyeza na kuambiwa hana ruhusa, kwa kuwa kipengele husoma kimyakimya jedwali jingine, tuseme la orodha za bei. Wateja wako kaunta, mtu anampa muuzaji huyo usimamizi wa mfumo "kwa leo tu", na miezi sita baadaye bado anao. Soma ujumbe wa hitilafu: hutaja jedwali na kitendo kilichozuiwa. Ongeza ruhusa ya kusoma jedwali hilo, basi. Kabla ya kuanza, tengeneza akaunti tatu za kujaribia: muuzaji aliyemo kwenye majaribio, meneja aliyemo, na muuzaji asiyemo. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayofichua uvujaji.

Kuficha kitufe si kufunga mlango. Ingia kwa akaunti hiyo ya tatu ujaribu kupakua orodha kwenda Excel, kufungua ripoti, na kupita kwenye programu nyingine iliyounganishwa na mfumo. Kazi zinazojiendesha usiku nazo zikaguliwe, maana mara nyingi hutumia akaunti ya mfumo ambayo kanuni za rekodi haziigusi.

Halafu kuna meneja anayeuza pia. Ruhusa zikijumlishwa, ataomba punguzo na kujiidhinishia mwenyewe. Makundi hayatakusaidia hapa. Sharti liwekwe kwenye ombi lenyewe, kwamba aliyeomba hawezi kuidhinisha.

Swichi ya kuwasha kipengele iwe mbali na ruhusa. Swichi huamua kama kipengele kipo. Ruhusa huamua nani afanye nini nacho. Ukivitenganisha, hitilafu ikitokea saa tano asubuhi unazima swichi moja badala ya kuhangaika na akaunti nane. Salesforce hukuwezesha pia kuipa seti ya ruhusa tarehe ya mwisho kwa kila mtumiaji. Pasipo hilo, andika tarehe hiyo kwenye majina ya makundi.

Siku ya kufunga majaribio, fuata mpangilio: zuia maombi mapya, meneja amalize yanayosubiri, kisha watoe watu kwenye makundi, mwishowe zima swichi. Ukianza kwa kumtoa meneja, oda zitabaki zikisubiri idhini ambayo hakuna mwenye uwezo wa kuitoa, na mzigo wa mteja utalala stoo.