Je, wajua kwa nini korosho haiongezi serotonini ya ubongo kama watu wanavyodhani?

Huenda umewahi kutumiwa ujumbe kwenye simu: kula konzi mbili za korosho, msongo utaondoka kama umemeza dawa. Sisi wa Mtwara tungependa sana iwe hivyo. Na msingi wa maneno hayo ni wa kweli: gramu 100 za korosho zina takribani miligramu 280 za triptofani, asidi amino ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Kikwazo kiko njiani.

Kumbuka kivuko cha Msangamkuu abiria wanapojaa. Serotonini haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa hiyo triptofani ndiyo huvuka, ikageuzwe huko huko. Lakini chombo chake inakigombania na asidi amino nyingine, zikiwemo leusini, valini na tirosini, na katika chakula cha protini hizo huwa nyingi kuliko yenyewe. Ukila korosho au samaki, abiria wote huongezeka kwa mpigo, na triptofani nyingi hubaki gatini. Kinachoamua ni uwiano wake na wenzake kwenye damu.

Ndiyo maana wanga mtupu, mathalani ugali wa muhogo, unaweza kuisaidia ingawa wenyewe hauna triptofani ya kutajika. Wanga huamsha insulini, nayo huwasukuma wale washindani waingie kwenye misuli. Mboga ya samaki ikiwepo, nafasi hiyo hupotea.

Kidonge cha triptofani pekee huja bila washindani. Tena kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kinachoanza kuigeuza kwa kawaida bado kina nafasi ya kazi, hivyo ikiingia zaidi, serotonini hutengenezwa zaidi. Tirosini, inayozaa dopamini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe ubongoni, haiko hivyo: kimeng'enya chake karibu kimejaa, na dopamini yenyewe hukizuia. Kwa mtu aliyetulia, kidonge cha tirosini hubadili kidogo sana.

Mwaka 1989 nchini Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua vibaya misuli na damu baada ya kumeza vidonge vya triptofani, vingi vikiwa na uchafu wa kiwandani. Na anayetumia dawa za sonona asiongeze kidonge hicho bila kumwambia daktari: serotonini ikizidi, mwili hutetemeka, joto hupanda, moyo hukimbia.