Esposito: jina moja, koo nyingi

Dhana: Akina Esposito wote ni ukoo mmoja.
Sivyo. Jina hili la ukoo la Italia limetoka kwenye neno la Kilatini *expositus*, yaani aliyewekwa nje, na lilipewa watoto wachanga walioachwa walelewe na wengine. Mjini Napoli walipokelewa katika Annunziata, nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Ukutani palikuwa na tundu lenye pipa la mbao linalozunguka: aliyeko barabarani alimlaza mtoto humo, akalizungusha, na wa ndani akampokea bila wawili hao kuonana. Pipa lilifungwa mwaka 1875. Tundu lipo hadi leo. Basi majirani wawili wanaoitwa Esposito huenda hawana hata babu mmoja wa pamoja, na nembo za "ukoo wa Esposito" zinazouzwa kwa watalii hazina ukoo wa kuwakilisha.

Kwingine yalitumika majina mengine. Florence walikuwa Innocenti, kwa jina la hospitali iliyofunguliwa mwaka 1445. Roma walikuwa Proietti. Milan wengi waliitwa Colombo, kwa sababu ya njiwa wa nembo ya hospitali kuu.

Dhana: Ni jina la wana wa nje ya ndoa.
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana limewafanya watu waone aibu kwa kosa ambalo halikutendwa. Watoto wengi walikuwa wa wazazi waliooana, ila chakula hakikutosha, au mama alikufa. Wengine waliachwa na kipande cha medali au utepe, ili mzazi akirudi amtambue mwanawe. Watu wa Napoli waliwaita wana wa Madonna, yaani wa Bikira Maria. Joachim Murat, aliyetawala huko kuanzia 1808 hadi 1815, alipiga marufuku watoto hao kupewa jina la Esposito, kwa kuwa liliwatia alama maisha yao yote. Waliokuwa nalo tayari waliwarithisha wajukuu.

Dhana: Huko Marekani, maofisa wa Ellis Island waliyabadilisha majina.
Kituo hicho cha kupokelea wahamiaji, New York, kilifunguliwa mwaka 1892, na maofisa wake hawakuandika majina upya. Walisoma orodha ya abiria iliyojazwa na kampuni ya meli bandarini, Napoli au Genoa, na walikuwa na wakalimani. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mmoja wao. Majina yaliyobadilika yalibadilika baadaye, mara nyingi na wenyewe, kazini au shuleni. Argentina jina liliongezewa alama tu, likawa Espósito. Alama hiyo inafaa, kwani mkazo wa jina uko kwenye "spo", si kwenye "si" kama tungelitamka sisi. Expósito la Hispania nalo lilizaliwa hukohuko, kwa desturi ileile.

Anayewatafuta wahenga wake kwa jina hili anaweza kurudi nyuma, daftari kwa daftari, mpaka Annunziata. Hapo, mahali pa jina la baba, atakuta maelezo ya nguo alizovikwa mtoto usiku ule.