Habari za uongo: tuliyoaminishwa na yaliyotokea Uganda

Wapo wasemao kwamba uhuru wa kujieleza haulindi uongo. Ukiisikia haraka ina mantiki. Lakini nani aamue upi ni uongo?

Tarehe 21 Septemba 1997 gazeti la Sunday Monitor la Kampala liliandika kwamba Rais Laurent Kabila, aliyekuwa ameingia madarakani Kongo miezi minne tu nyuma, ameilipa Uganda kwa dhahabu. Habari ilitoka kwenye jarida la nje. Wanahabari wa gazeti hilo, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Hakimu aliwaachia, ila wao walikuwa wameipinga sheria yenyewe, na Februari 2004 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu hicho. Majaji walisema kauli haipotezi ulinzi wa katiba eti kwa sababu kuna mtu anayeiona ya uongo.

Basi kila mtu abwate atakavyo? Hapana. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia, na kuchochea ghasia bado ni kosa. Jirani Kenya, ibara ya 33 ya katiba inavitaja visivyolindwa, vikiwemo propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Uongo, kama uongo, haumo.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: uvumi hutoka kwa wananchi, serikali kazi yake kuuzima. Mwaka 2018 Rais Museveni alilalamikia "lugambo", yaani umbea wa mitandaoni, na kuanzia Julai mosi ukitaka kufungua WhatsApp ulilipa kwanza shilingi 200 za Uganda kwa siku. Umbea wenyewe haukwenda popote. Halafu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafuta akaunti bandia zilizokuwa zikimpigia debe rais, ikasema zina uhusiano na kituo kilicho chini ya Wizara ya Habari na Mawasiliano. Kesho yake mitandao ya kijamii ikafungwa. Tarehe 13 usiku, saa chache kabla ya vituo vya kura kufunguliwa, intaneti nzima ikazimwa, na mwenye kutaka kuhakiki matokeo aliyosimuliwa mtaani hakuwa na pa kutazama.

Intaneti ilirudi tarehe 18, kura zikiwa zimeshatangazwa. Februari mitandao mingine ikafunguliwa. Facebook ikaachwa imefungwa, na watu wakawa wanaingia kwa VPN, yaani programu za kukwepa kizuizi.