Vuta-sukuma Usukumani: kiduha, ng'ombe na ripoti yangu mbovu

Ukiona kiduha, lile gugu la mtama na mahindi, kimechanua, umeshachelewa. Maua yake ya zambarau yanapendeza, ila huko chini kilishang'ang'ania mizizi ya mtama kitambo na kuinyonya. Mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000, laini kama ugoro, na zinakaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mahindi au mtama. Kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga uliochoka, ndiko kinakostawi.

Basi mimi bwana shamba nilipokutana na mbinu ya kilimo ya vuta-sukuma niliishika kwa mikono miwili. Ilibuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hilihili, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Unapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi kuwasukuma nje bungua, wadudu wanaotoboa mabua, na majani ya tembo pembezoni kuwavuta. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoichokoza mbegu ya kiduha iote, kisha zinakizuia kisishike mzizi wa muhindi. Kinakufa njaa. (Jina lilileta utani siku ya kwanza: "Usukuma tumezaliwa nao, tufundishe hiyo vuta.")

Tukaweka shamba darasa Kwimba. Msimu wa kwanza desmodiamu ilisuasua, ikabidi tuipalilie kwa mkono kama mchicha. Wakulima wakatazamana: kizuia magugu chenyewe kinapaliliwa? Niliporudi mwezi wa nane nilikuta visiki na nyayo za ng'ombe. Na hakuna aliyekosea. Kwa desturi, mavuno yakishatoka, mabua ni ya mifugo ya kila mtu.

Kwenye ripoti niliandika "mwitikio wa wakulima ni mdogo". Leo naona haya. Mtu aliyekodi ekari kwa msimu mmoja apande kitu kinachoishi miaka, amwachie mwenye shamba? Mbegu anunue, ng'ombe wa jirani wale? Hesabu walishaipiga siku ileile nilipokuwa naonyesha picha.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja mtu mzima. "Bwana shamba, kosa lako ni jina. Ungesema ni ngitili, nani angeingiza ng'ombe?"

Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yaje kuliwa kiangazi, na kijiji kizima kinaheshimu mpaka wake. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti kwa kuegemea mila hiyohiyo. Mimi nilikuja na mabango ya rangi nikaipita mlangoni.

Msimu uliofuata mama yule alipanda mistari minne tu nyuma ya nyumba, akazungushia minyaa, akawaambia majirani kwamba pale ni ngitili. Hakuna aliyeingiza hata mbuzi. Ukimuuliza habari za kiduha hakujibu haraka. Anakupeleka kwanza zizini ukamwone ndama anavyotafuna desmodiamu.