Tumbo, matumbo na utumbo: tunayodhani na yaliyo kweli

Dhana: "Tumbo" ni neno la Kiarabu.

Kuna watu wakikutana na neno la Kiswahili wasilolijua asili yake, hulisafirisha Uarabuni papo hapo. Hili halikutoka huko. Mwarabu tumbo huliita batn. Tumbo ni Kibantu kitupu, na ndugu zake wametapakaa hadi kusini kabisa: Kichewa kina matumbo, Kishona matumbu, Kizulu amathumbu. Ila kwa wenzetu hao maneno haya hutaja hasa yale mazagazaga ya ndani, yaani utumbo. Tumbo lenyewe Mzulu huliita isisu, na Mchewa huliita mimba, neno ambalo sisi tumemwachia mjamzito peke yake.

Dhana: Wabantu wote tangu zamani waliliita tumbo.

Hapa ndipo pana utamu. Lipo neno kongwe la Kibantu, nda. Wakikuyu bado wanalo hivyohivyo, na Wanyarwanda husema inda, likiwa na maana ya tumbo na ya mimba pia. Waswahili tunadhani tulilipoteza, kumbe tunalitamka kila siku: lichukue nda, ulitie -ni ya mahali kama ya nyumbani na shambani, upate ndani. Kwa hiyo anayekwambia "karibu ndani", kwa asili ya neno, anakukaribisha tumboni.

Dhana: Tumbo ni mfuko wa chakula.

Ni mfuko huo, na ni zaidi yake. Anayesema "tumbo linaniuma" huenda anasumbuliwa na hedhi, kibofu, ini au kidole tumbo, maana kwetu tumbo ni eneo lote kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga. Ndiyo maana mganga makini hauandiki ugonjwa kabla hajauliza ni wapi hasa. Hata vile tunavyoviita vidonda vya tumbo, vingi havimo katika mfuko wa chakula. Vimo mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Na pilipili inasingiziwa bure. Wachokozi wakubwa ni bakteria Helicobacter pylori na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuivumbua bakteria hiyo na kazi yake.

Dhana: Ng'ombe ana matumbo manne.

Analo moja, lenye vyumba vinne. Lakini nenda buchani uagize "tumbo" uone utakavyotazamwa. Nairobi utasema matumbo, Dar es Salaam utasema utumbo. Huo utumbo wa Dar ukitoka kwenye supu na kuingia kwenye mazungumzo, "unaongea utumbo", ni upuuzi mtupu. Nao wachezaji wanaoandikwa magazetini kuwa "matumbo joto" hawana homa, wana wasiwasi.

Dhana: Ndugu wa tumbo moja lazima wawe wa baba mmoja.

Tumbo linalosemwa hapo ni la mama. Waliozaliwa na mama mmoja kwa baba tofauti ni wa tumbo moja; wa baba mmoja kwa mama tofauti si wa tumbo moja, hata wakilelewa nyumba moja na kufanana kama pacha.