"Juvenile" Haimaanishi Mhalifu

Hapa Nakuru, mtu akisikia neno "juvenile" huwaza mara moja mtoto aliyekamatwa, seli na hakimu. Nimemsikia mama mmoja ndani ya matatu ya Lanet akimkemea bintiye kwa kulitamka, kana kwamba ni tusi. Si tusi.

Neno hilo liliingia Kiingereza katika karne ya 17, asili yake ni "juvenis" la Kilatini, yaani kijana. Maana yake ya kwanza ni hiyo tu: -a ujana, ambaye hajapevuka. Nenda Ziwa Nakuru umsikilize mwongoza watalii. Atakuonyesha heroe, wale flamingo, kisha atasema yule wa rangi ya kijivu na kahawia ni "juvenile". Ndege huyo hajavunja sheria yoyote! Hajapata bado rangi ya waridi, ambayo hutokana na mwani anaoula.

Harufu ya jela ilitoka kortini, ambako neno liliambatana na uhalifu hata likabaki na doa. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 humwita mtoto anayeshtakiwa "mtoto anayekinzana na sheria", na naona ni vyema hivyo: kwanza ni mtoto.

Tahadhari moja: ukimwambia mtu mzima kuwa tabia yake ni "juvenile", umemwambia ana utoto. Hapo atakasirika kwa haki. Ukitaka kumsifu nyanya yako aliyejaa nguvu na uchangamfu, tumia "youthful".