Je, wajua kwa nini mche mmoja hudumaa kitaluni, na kama unafaa kutunzwa?

Mbegu zimetoka kopo moja, zimesiwa siku moja, zinamwagiliwa kwa keni moja. Siku ya 21 miche mingi ya nyanya imeshatoa majani matatu halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu, na imesimama wima, lakini katikati yake kuna michache yenye jani moja tu, mifupi kama kidole gumba. Kuanzia Igombe hadi Luchelele, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na ng'ambo kule Sengerema, mwenye kitalu hufika kwenye swali lile lile: niing'oe, au niipe muda itakua?

Mingi ing'oe. Ila si yote, na anayeamua kwa urefu peke yake hukosea pande zote mbili: hutupa mche mzima uliochelewa tu, halafu hutunza mwingine mrefu kidogo wenye ugonjwa usiopona. Kinachoamua ni sababu ya kudumaa, na sababu hiyo huonekana ukijua pa kutazama.

Kabla ya kuinamia mche mmoja, tazama kitalu kizima. Miche iliyodumaa ikiwa imetawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, huku ya jirani ikiwa na afya, shida karibu kila mara ilikuja na mbegu au kina cha kusia. Ikiwa imekaa pamoja kama kiraka, shida iko ardhini: maji yanatuama pale, samadi mbichi ilirundikana pale, au kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina, kimeanza. Ikiwa ni ya pembeni mwa tuta, au ya matundu ya ukingoni mwa trei, hiyo ni kiu. Pembeni hukauka kabla ya katikati, na upepo wa mchana unaotoka ziwani huzidisha. Na kama kitalu kizima kimedumaa sawasawa, hakuna mche wa kulaumu. Kuna chakula, maji au kivuli cha kurekebisha.

Miche iliyotawanyika ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa hiyo tuikalie kidogo. Mbegu ya nyanya ni ndogo mno, gramu moja ina mbegu kama 300, na akiba iliyomo inatosha tu kuusukuma mche hadi juani. Mbegu iliyokamuliwa kwenye tunda ambalo halijaiva sawasawa, au iliyokaa mwaka mzima ndani ya kopo lililofunguliwa, chini ya bati la moto, huwa imekwisha nguvu kabla haijafa. Huchipua, lakini kwa kuchelewa. Kwa joto la Mwanza nyanya huchomoza kati ya siku ya 5 na ya 8. Mche unaochomoza siku nne baada ya wenzake hauna ugonjwa wowote, ila unatokea chini ya majani ya wengine yaliyokwisha kutandaa, na kila siku inayopita pengo linaongezeka badala ya kupungua. Huo ung'oe bila kusita.

Kama unashuku mbegu, zipime kabla ya kuzimwaga zote. Panga mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke ndani ya mfuko mahali penye kivuli na usikiache kikauke. Siku ya 8 hesabu. Zikiota 17 au zaidi, na zikawa zimeota karibu siku moja, endelea. Zikiota 12 kwa kujivutavuta wiki nzima, tarajia kitalu cha vimo vinne.

Tofauti ya vimo hutokea pia kwa mbegu zilizokamuliwa kutoka nyanya za chotara, zile zenye alama ya F1 kwenye paketi. Watoto wa chotara hawafanani na mzazi wala wao kwa wao. Wengine warefu, wengine wafupi, wengine wanene. Hapo ufupi si kilema, lakini pia huwezi kujua tunda gani litatoka. Anayelima kwa ajili ya soko afadhali anunue upya.

Kina nacho kina lake. Nyanya inataka nusu sentimita hadi sentimita moja ya udongo juu yake. Iliyoangukia sentimita tatu humaliza akiba njiani, ikatoka imepauka na shingo ndefu nyeupe chini ya udongo. Hiyo huweza kupona. Na kuna ile inayotoka na ganda la mbegu limeng'ang'ania kichwani kama kofia, majani mawili ya kwanza yamebanwa ndani hayafunguki. Chanzo ni kusia juujuu mno, au udongo uliokauka wakati mche unachomoza. Dondoshea ganda tone la maji, subiri robo saa lilainike, kisha lichezeshe kwa ncha za kucha hadi liteleze. Ukilivuta likiwa kavu, linaondoka na majani pamoja na ncha ya kukulia, na hapo umeshaumaliza mche.

Sasa mizizi, ambayo watu wengi hawaitazami kabisa. Toa kafara mche mmoja uliodumaa na mmoja wenye afya. Mwagilia, subiri nusu saa, ingiza kijiko chini ya mche, uinue na bonge lake la udongo, ulisuuze taratibu ndani ya kikombe cha maji. Mizizi mizima ni myeupe, na ukiinua kikombe kwenye mwanga utaona vinyweleo kama ukungu pembeni mwake. Mizizi ya kahawia inayoteleza, ambayo ukiivuta ganda linavuka na kubaki uzi mwembamba, imeoza kwa maji mengi. Mizizi mifupi yenye ncha nyeusi, kama iliyoguswa na moto, imeunguzwa na samadi mbichi, hasa ya kuku. Na mizizi yenye vinundu vilivyovimba mle mle ndani ya mzizi, visivyobanduka kwa kidole, ina minyoo fundo. Usivichanganye na vinundu vya kunde au maharage, ambavyo hukaa pembeni mwa mzizi, hubanduka kirahisi na ni vya faida.

Minyoo fundo hustawi kwenye udongo wa kichanga, na ule wa luseni unaopatikana sehemu nyingi za Usukumani ni wa namna hiyo. Ukiikuta, suala la mche mfupi na mrefu limekwisha. Usihamishe hata mmoja kutoka tuta hilo, hata ile mirefu inayovutia, kwa sababu utakuwa unabeba minyoo kwa mikono yako kuipeleka shambani, na ikishaingia hutaitoa.

Yapo matatizo mengine matatu ambayo dawa yake ni kung'oa tu. La kwanza ni kinyausi, fangasi wa kitaluni. Shina pale linapogusana na udongo hulowa kama limechemshwa, likasinyaa, mche ukalala. Watu huondoa iliyolala na kuiacha ile iliyosimama yenye kiuno chembamba cha kahawia. Kosa liko hapo: kiuno hicho hakinenepi tena, na siku mmea utakapobeba matunda ndipo utakapokatikia. Ng'oa iliyougua pamoja na ile inayoizunguka kwa upana wa kiganja, punguza maji, punguza kivuli, na mwagilia asubuhi pekee ili udongo wa juu uwe umekauka kabla ya jioni.

La pili ni ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Majani machanga huwa madogo, kingo zake zina umanjano, yamejikunja kuelekea juu kama vikombe, na mche umekoma kurefuka. Ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe, na hakuna dawa ya kukitoa ndani ya mmea. Usiupe mbolea. Uweke ndani ya mfuko ukiwa pale pale ulipo, funga mdomo, ndipo uung'oe, la sivyo inzi waliomo watarukia wa jirani. Ufukie mbali. Miezi ya ukame, Juni hadi Septemba, kitalu kisicho na neti yenye matundu madogo sana kiko hatarini tangu siku ya kwanza.

La tatu ni mche kipofu: una majani mawili ya kwanza, mapana na ya kijani kibichi, lakini katikati yake hakuna kitu. Ncha ililiwa na mdudu au ilikatika. Nyanya huweza kujaribu tena kwa kutoa chipukizi ubavuni, lakini inakuwa imepoteza wiki mbili au zaidi. Kabichi kipofu haina maana kuitunza kabisa, kwani kichwa cha kabichi hutokana na ncha hiyo hiyo.

Inayobaki ni miche yenye njaa, yenye kiu au iliyobanwa, na hiyo inastahili nafasi. Jani lililopauka kuanzia chini linaomba naitrojeni. Rangi ya zambarau chini ya jani inaonyesha upungufu wa fosforasi, ama kwa sababu haimo au kwa sababu mizizi imelowa mno haiwezi kuivuta. Kwa hiyo angalia maji kwanza. Yeyusha gramu 10 za mbolea ya NPK 19:19:19 inayoyeyuka, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, ndani ya lita 10 za maji, mwagilia mizizi asubuhi, mara moja kwa wiki. Usizidishe ukidhani utaiharakisha. Chumvi ikizidi huunguza ncha za mizizi na kuleta udumavu ule ule unaoukimbia.

Kisha pima kwa siku 7. Chomeka njiti kando ya mche, ikatwe sawa na kimo chake cha leo, na kumbuka idadi ya majani. Mche unaopona hutoa jani jipya ndani ya siku hizo, kubwa kuliko lililotangulia na lenye rangi nzuri. Jani la zamani usilihesabu, kwani halirudi kuwa zuri. Siku ya 7 njiti na mche zikiwa bado sawa, hakuna jani jipya, ung'oe. Usiongeze wiki ya pili, maana nyanya huhamishwa ikiwa na wiki 4 hadi 5, na mche unaoungoja hautakuwa tayari.

Mche mrefu mwembamba usiuhesabu kuwa umedumaa. Huo ulikosa mwanga. Kwa nyanya upo ufumbuzi mzuri: uondoe majani ya chini, uzike shina hadi karibu na majani ya juu, na shina lililozikwa litatoa mizizi. Hoho na kabichi usizizamishe hivyo. Hazitoi mizizi shinani kama nyanya.

Kwa nini tuwe wakali hivi? Piga hesabu ya ekari moja, mita za mraba 4,047, kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 50. Inabeba mimea kama 9,000. Ukitaka kuchagua kwa uhuru, sia asilimia 20 zaidi, yaani mbegu 1,800 za ziada, ambazo ni gramu 6. Kwa bustani ya nyumbani yenye mimea 20, sia 24. Mche dhaifu uliopandwa utakula samadi, maji, kijiti cha kuegemea na dawa ya kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, kwa miezi mitatu sawa na mwenzake, huku ukifunikwa na kivuli cha majirani, na matunda yake yatakuja machache wakati wengine wameshamaliza kuchumwa. Gharama hiyo ni kubwa kuliko mbegu sita mpya.

Mambo hugeuka kwenye vitalu vya miti ya matunda. Mbegu moja ya mlimao, na ya baadhi ya miembe, hutoa chipukizi mbili au tatu. Iliyo dhaifu mara nyingi ndiyo iliyotokana na uchavushaji, na zile zenye nguvu ni nakala za mti mama. Anayetafuta miche inayofanana ya kubebeshea machungwa huondoa dhaifu, na pia ile mirefu kupita kiasi, kwa sababu zote mbili hazifanani na mama.

Kwa kitalu kijacho, changanya ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza miezi mitatu, na moja ya mchanga. Udongo wako ukiwa luseni, acha mchanga na weka pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Ule mweusi wa mbuga usiutumie peke yake, hushika maji na ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Kiweke kitalu zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, na anayechota maji ziwani avae buti, kwani kichocho kipo.

Ukishahamisha, bakiza miche kumi katika kila mia, ile mizuri, kitaluni. Hiyo ni ya kujazia mapengo yatakayoachwa na sota, viwavi wanaokata mashina ya miche, na jua la siku za mwanzo. Jazia ndani ya siku 10. Baada ya hapo pengo liache wazi au lipandie mchicha, kwa sababu mche utakaouingiza kati ya mimea iliyokwisha kushika utadumaa pale pale kwa kivuli.